Kisu cha Kwanza cha Ritha

Agnetha alipewa siku tatu za kumchagulia Ritha kisu, na siku ya kwanza yote aliimaliza kwa kumsema wifi yake kwa majirani. Tusimlaumu sana. Mtoto ameachiwa ana miaka minne, pua inachuruzika, gauni limechanika begani. Mama mtu, Asteria, akapanda pikipiki kwenda Rwamgasa kuwapikia wachimbaji. Baba mtu, Magesa, ambaye ni kaka yake Agnetha, akafuata dhahabu upande mwingine akiwa na mwanamke mwingine. Miaka sita baadaye Asteria anashuka uwanjani amesuka nywele, ameshajenga vyumba viwili Ngokolo, mjini Shinyanga, anasema nimekuja kumchukua mwanangu. Anasema hivyo mbele za watu, bila haya, utadhani alimwacha jana akaenda kisimani.

Agnetha alimjibu maneno ambayo hayaandikiki. Asteria naye hakubaki nyuma, maana jikoni kwa wachimbaji hapafundishi mtu upole. Wiki nzima walichambana, mpaka mwenye kaya, Mzee Mihayo, baba yake Agnetha, akawaita wote wawili na kuwakalisha chini.

Katika kaya ile, mtoto akifika miaka kumi na kuanza kwenda machungani mwenyewe, hupewa kisu cha kukunja. Ndama anaweza kujinyonga kwa kamba yake, mwiba unaweza kuzama kwenye kwato, na mtoto asiye na kitu mfukoni atabaki kulia tu. Wa kiume hupewa, wa kike hupewa. Na anayekitoa kisu ndiye mlezi wa mtoto huyo: yeye humwonyesha namna ya kukishika, na siku mtoto akijikata, yeye huulizwa.

"Jumapili kila mmoja aje na kisu chake," alisema mzee. "Mtoto atakatia viazi vya kuanika michembe hapa mbele yangu. Kisu kitakachomkaa vizuri ndicho kitakachoniambia nani anamjua mtoto huyu. Huyo amchukue. Mimi nimechoka na kelele zenu."

Agnetha alitoka pale anataka kucheka. Nani amjue Ritha kuliko yeye? Alijua hata jambo ambalo mzee hakulijua, na hilo ndilo lililomfanya ajione ameshashinda.

Ritha alikuwa wa mashoto. Kaya nzima, aliyelijua hilo ni Agnetha peke yake. Asteria hakuwahi kuligundua. Alipoondoka, mtoto alikuwa bado anakula kwa mikono yote miwili. Na Mzee Mihayo hakupaswa kuligundua kabisa, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa ukimtia hasira kuliko mwizi wa ng'ombe. Mdogo wake Agnetha, Mwigulu, alifungwa mkono wake huo kwa kamba ya katani msimu mzima wa mavuno. Leo ni baba wa watoto watatu, na bado akishika kalamu anatetemeka. Agnetha aliiona kamba ile ikikata ngozi ya mdogo wake, na alipomwona Ritha akichukua mwiko kwa kushoto aliufunga mlango wa jiko. Tangu siku hiyo wakawa na sheria yao. Jikoni, mkono autakao. Uwanjani, kulia.

Ijumaa akaenda Segese, kwenye duka la George anayeuza sululu, mataimbo na tochi za kichwani. Alikuwa na kijiti cha mtama alichokikata sawasawa na upana wa kiganja cha Ritha.

"Nataka kisu cha kukunja. Cha mtoto."

George akamwekea visu sita juu ya meza. Agnetha akaanza kuvitukana kimoja baada ya kingine. Hiki kirefu, unataka mtoto akachinje mbuzi? Hiki springi yake imelegea, kitamfungukia mfukoni. Hiki mpini wake unateleza, mkono ukilowa kinaruka. Alivipima kwa kijiti chake, akataka mpini uzidi kiganja kwa vidole viwili tu, na bapa lisizidi kidole cha kati. Mwishowe akashika kimoja cha mpini wa mti, springi ngumu, hakina mbwembwe. Akaligeuza bapa huku na huku.

"Hiki kina kijifereji cha kutia ukucha upande mmoja tu," akasema. "Nataka chenye pande mbili."

"Mama, kwani huyo mtoto ana mikono mingapi?"

"Umeulizwa?"

George akainama chini ya meza akatafuta, akakipata. Agnetha akamwambia amsagie na ncha iwe butu kidogo, na George alikuwa bado anasaga kwenye jiwe, cheche zinaruka, Asteria alipoingia.

"Wifi, habari za siku."

"Nzuri, Asteria."

Hakumwita Mama Ritha. Segese nzima ingemwita hivyo, lakini Agnetha alikuwa ameapa kwamba jina hilo halitatoka mdomoni mwake.

"Naona umepata cha kumenyea vitunguu," alisema Asteria.

"Na wewe chagua, ila ukumbuke ni cha mtoto. Usije ukawachagulia wachimbaji wako."

"Wachimbaji wangu ndio waliomlipia ada ya shule. Au hela ilikuwa inaota hapa shambani kwako?"

"Hela hailali na mtoto akiwa na homa."

George akasaga kwa nguvu zaidi ili asisikie.

Asteria akachagua. Na tuseme haki, hakuchagua kijinga. Aliuliza kama chuma kinashika kutu, akajaribu mpini, akauliza kama bapa linaweza kumkunjikia mtoto. George akamwonyesha kisu cheusi chenye mpini wa mpira. Kikishafunguliwa hulia ta! na hakikunjiki tena mpaka ubonyeze kitufe kilicho ubavuni.

"Hiki ni salama," alisema George. "Wachimbaji wanakipenda sana."

Agnetha akakitazama kile kitufe. Kilikuwa ubavu wa kushoto, karibu na shina la bapa, mahali ambapo dole gumba la mkono wa kulia hukifikia likitaka tu. Lakini kisu hicho kikishikwa kwa kushoto na mkono ukakaza, shina la kidole cha shahada litakilalia kitufe bila mshikaji kujua. Kufuli litaachia, na bapa likipata cha kulivuta litarudi vidoleni. Aliliona hilo mara moja. Miaka sita alikuwa akikiangalia kiganja kile kikishika kila kitu, kuanzia kijiko hadi jembe.

Na alifurahi. Moyo wake ulifurahi pale pale dukani, na hakuuzuia.

"Kizuri," akasema. "Kichukue hicho hicho."

Asteria akamtazama kwa mashaka, maana hakuwa amesikia neno jema kutoka kinywa kile tangu afike. Lakini akakichukua.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, lundo la viazi vitamu lilikuwa limeshawekwa juu ya mkeka uwanjani. Mzee Mihayo alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Asteria akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaeni. Sitaki kusikia mdomo wa mtu."

Ritha alitoka ndani amevaa gauni la kanisani, mwembamba, macho yanahama kutoka kwa shangazi kwenda kwa mama. Alijua kinachotafutwa. Watoto wa ugomvi hujua kila kitu.

Kwanza alipewa kisu cha Agnetha. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, wabeja, kama alivyofundishwa, kisha akakishika kwa mkono wa kulia, kwa sababu babu alikuwa mbele yake. Agnetha alikuwa hajalifikiria hilo. Kisu alichokichagua kwa ajili ya kushoto kilikuwa sasa kwenye mkono usiojua kitu. Ganda lilitoka nene, vipande vya michembe vikawa kimoja unene wa kidole na kingine kama karatasi. Mtoto alitoka jasho puani.

"Huyu hajafundishwa," alisema mzee. "Lete kile kingine."

Asteria alikifungua chake mwenyewe, ta! Ritha akacheka kwa mshangao, na Agnetha akauchukia mcheko ule. Mtoto akakishika kwa kulia. Mpini wa mpira haukuteleza, chuma kilikuwa kikali, vipande vikaanza kutoka vizuri kidogo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Asteria akakaa wima, akamtazama wifi yake na kutabasamu tabasamu la mtu aliyeshashinda.

Sasa Ritha alikuwa amepata raha. Akasahau babu, akasahau mkeka. Akachukua kiazi kikubwa, kigumu, akakigeuza, na kisu kikahamia mkono wa kushoto. Hata mzee hakukiona kikihama, maana alikuwa anajaza ugoro puani.

Agnetha alikiona. Aliona kidole kikilala juu ya kitufe. Aliona bapa likizama katikati ya kiazi na kunasa, na mtoto akianza kuunyanyua mpini ili alichomoe. Alijua kitakachofuata kama anavyojua njia ya kisimani. Anyamaze tu. Mtoto atakatika kidogo, kidonda kitapona kwa wiki mbili, mwenye kisu ataulizwa, na Asteria atarudi Ngokolo mikono mitupu. Alikuwa ameingoja dakika hii tangu Ijumaa. Ilibidi tu aume meno.

"Mama Ritha! Mshike mkono! Kisu kitamkunjikia!"

Asteria alikuwa karibu. Hakuuliza. Alirusha mkono kati ya vidole vya mwanawe na chuma, kufuli likaachia, bapa likarudi likamla yeye kidole. Damu ikadondoka kwenye michembe. Ritha alibaki ameushika ule mpini, mkono wa kushoto, juu kabisa, mbele ya macho ya babu yake.

Mzee aliuweka ugoro chini.

"Huo ni mkono gani?"

Ritha akaushusha mkono haraka.

"Agnetha. Nakuuliza wewe. Huyu mtoto ametumia mkono huo tangu lini?"

"Tangu alipoletwa, baba."

"Na ugali wangu? Maji yangu ya kunawa?"

"Kwako alileta kwa kulia. Jikoni alitumia wa kwake. Mimi ndiye niliyemruhusu, na ningemruhusu tena. Mwigulu ulimfunga ukamharibu, na huyu usingemgusa."

Hakuwa amewahi kuongea na baba yake namna ile, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Mzee alisimama kwa shida akishikilia fimbo yake.

"Miaka sita mnanifanya mjinga ndani ya kaya yangu," alisema. "Huyu aende kwa mama yake, leo, na huko mjini ale kwa mguu akitaka. Na wewe usiniongeleshe."

Akaingia ndani. Kesi ikaisha hivyo, na Agnetha ndiye aliyejihukumu kwa mdomo wake.

Jua lilikuwa halijashuka sana pikipiki ilipokuja. Asteria alikuwa amefunga kidole kwa kipande cha kanga. Begi la Ritha lilikuwa mgongoni kwa Ritha, na Ritha alikuwa analia bila sauti. Agnetha alimshika bega, akamwambia avae sweta, njiani kuna upepo. Hilo ndilo lililomjia.

Asteria akamsogelea.

"Ulikijua kile kitufe tangu dukani," alisema taratibu, mtoto asisikie. "Ulikitazama sana. Mimi nikadhani unakionea wivu."

Agnetha akaikaza kanga yake kiunoni.

"Ukaniambia kizuri. Ukaniambia kichukue. Mimi sikujua mkono wa mwanangu, na aibu hiyo nimeibeba, nitalala nayo. Lakini wewe uliujua, wifi. Uliujua ukaviweka rehani vidole vyake ili unishinde mimi."

"Nilipiga kelele."

"Leo ulipiga kelele. Ijumaa, Jumamosi ulikuwa wapi?"

Agnetha alitafuta tusi. Alikuwa na matusi mengi siku zote, ya wifi huyu hasa, lakini alipolitafuta hata moja hakulipata. Aliona haya.

Asteria akanyoosha mkono. "Lete kile cha mti."

Agnetha akakitoa kwenye pindo la kanga. Asteria akakichukua bila asante, akampelekea Ritha. Mtoto akakipokea kwa kushoto, akatia ukucha kwenye kijifereji cha upande wake, akakifungua na kukikunja mara moja tu, polepole, kidole kikiwa mbali na makali, kama alivyofundishwa nyuma ya mlango wa jiko. Kisha akakitia mfukoni. Asteria alimwangalia anavyofanya hivyo.

Kisha akarudi hatua tatu na kukiweka kile cheusi kiganjani kwa Agnetha.

"Hiki baki nacho. Kinakufaa wewe."

Pikipiki ikaondoka. Ritha aligeuka akapunga mkono wa kushoto mpaka kwenye kona ya mipapai, na hakuna aliyemkataza.

Lundo la viazi lilikuwa bado nusu, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havingoji mtu. Agnetha alikaa kwenye mkeka, akakata kile kipande chenye damu akakitupia kuku, akaendelea na vingine. Kisu cheusi kilimkaa vizuri sana mkono wake wa kulia. Alikata mpaka vikaisha vyote.