Mtandao Uliokwenda Sauna

Jumamosi baada ya kahawa, Aune Karppinen alifungua kompyuta yake mpakato, ile kongwe yenye bawaba iliyoshikiliwa kwa gundi ya karatasi, akakuta mtandao haupo. Alama yake haikuwa imefifia wala kukatwa msalaba; mahali pake palikuwa patupu tu. Na saa kumi alipaswa kuonana na mumewe, Eino.

Halmashauri ilikuwa imempeleka Eino kwenye nyumba ya wazee mjini, mbali kwa basi, kwa sababu akili zake zilianza kupotea njia. Aune aliomba waende wote. Akajibiwa kwamba yeye bado mzima mno. Tangu hapo ndoa yao iliishi ndani ya kioo cha kompyuta, nusu saa kila Jumamosi.

Jirani yake Sirkka akaja, akaacha viatu mlangoni. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akabonyeza swichi ya ubavuni. Akaiondoa kadi ya mtandao kwenye mipangilio, akairudisha.

"Kompyuta yako, mwenzangu, umri wake ni wa kwenda kukaa na Eino."

"Afadhali yenyewe wangeikubali," Aune akasema.

Sirkka akatazama simu yake. "Hata huku haushiki. Haumo humu ndani. Sauna umeiwasha?"

"Tangu mchana. Jumamosi leo."

"Basi mtandao umekwenda kuoga. Umekaa nyumba hii miaka yote, unajua siku zake."

Wakaukuta huko uani katika sauna, kibanda cha kuogea mvuke, kwenye ubao wa kukalia wa juu kabisa, upande aliozoea kukaa Eino, una nguvu tele. Sirkka akaonya kompyuta isisogezwe karibu na mawe ya moto, akaenda zake. Aune akavua nguo, akajifunga taulo kwa kumstahi muuguzi wa Eino, akaketi.

Eino akatokea kiooni, sweta lake limefungwa vifungo kombo.

"Wewe nani, mama?" akauliza kwa adabu.

Aune akateka maji kwa kata, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukaingia kiooni, ukatokea upande wa pili. Mashavu ya Eino yakaiva. Akavua sweta, kisha shati.

"Aune," alisema. "Unamwaga maji kwa uchoyo, kama mama yako."

"Nyamaza, mzee. Geuka nikusugue."

Akageuka. Mkono wa Aune ukapita kiooni hadi kwenye kiwiko, pamoja na sabuni. Mgongo ulikuwa umekonda. Huko waliogeshwa siku za Jumanne, kwa bomba, upesi upesi.

Huko upande wa pili muuguzi akaja na tambara, akapangusa sakafu.

"Mama Karppinen, wiki ijayo punguza maji, watu watateleza. Na muda umekwisha."

"Hata sijamsuuza!"

"Kuna wengine wanasubiri, mama."

Aune akauvuta mkono wake. Eino, povu likimchuruzika mgongoni, akauliza kama wanarudi nyumbani pamoja. Muuguzi akamfunika taulo, na kioo kikawa cheusi.

Maji ya kumsuuzia yalikuwa bado ndooni, vuguvugu. Aune akakaa nayo mpaka yakapoa.