Moyo wa Mama Kwenye Grupu

Asubuhi, hata uso sijanawa, nilikuwa nafungua simu kuona moyo wa mama. Moyo wenyewe, wallahi! Mimi niko Walukuba, Jinja, napaki samaki kiwandani. Mama yangu, Ramula, yuko Malukhu, Mbale, na chini ya ngozi ya kifua chake daktari aliweka kimashine cha kuusukuma moyo ukichoka. Kimashine kinaongea bila waya na kisanduku kando ya kitanda, kisanduku kinatuma namba kwenye app yangu. Sitini na mbili: amelala. Themanini: anasonga posho. Mwaka mzima kiwanda hakijanipa ruhusa, sijamshika mkono, lakini akiinuka tu kitandani, mimi najua.

Alhamisi, saa ya chai, nesi Norah akanipigia kutoka hospitali ya mama.

"Dada Shadiah, namba ya siri ya app umewapa watu wangapi?"

"Kaka yangu tu!"

"Huku naona simu arobaini na moja zimeingia kwa moyo wa mama yako."

Jamani! Nikampigia kaka Swaibu, ndiye anakaa na mama.

"Niliiweka kwenye grupu ya ukoo," akasema, hana hata aibu. "Moyo ukipanda, wote tusome dua. Si ndivyo tunafanya mtu akiugua?"

"Grupu ina watu mia mbili, Swaibu!"

"Na wote wanampenda. Jana mjomba Adrisi aliandika, 'Ramula, leo mia na tano, umegombana na nani?' Mama alicheka mpaka akakohoa."

Norah akanitumia orodha ya simu zile, mimi na Swaibu tukaipitia pamoja. Simu mbili hakuna aliyezijua. Si mimi, si yeye, si mjomba. Nikamrudia Norah.

"Wanaona tu, au wanaweza kugusa?"

"Fundi wetu anasema mjuzi akishaingia hapo anaweza kutafuta njia mpaka kwa kimashine chenyewe. Aharakishe moyo, au amalize betri. Labda hawezi. Lakini tusijaribie kwa mama yako."

"Fungeni zote basi!"

"Tunafunga. Itabaki simu moja, ya mtu anayeweza kumfikia ndani ya dakika kumi. App iko kwa jina lako, wewe ndiye wa kukubali."

Dakika kumi. Kutoka Jinja!

"Yaani Swaibu? Huyo huyo aliyetangaza?"

"Mgombeze, dada. Lakini yeye ndiye yuko karibu."

Ikaja kwenye skrini: *Hamisha?* Supavaiza akaniita mara ya kwanza. Sabini na moja. Akaniita mara ya pili. Sabini na mbili, labda ameenda kuanua nguo. Nikabonyeza. Namba ikageuka kistari.

Nilipotoka kazini nikampigia mama, nikamwomba aweke simu kifuani nisikie.

"We! Daktari alisema simu isikaribie hapo."

"Basi niambie unavyopiga."

"Ngoja nijishike mkono, hapa kwenye mshipa." Kisha akaanza kwa mdomo: "Tu. Tu. Tu." Taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Akakatisha kumfukuza kuku, akarudi. "Tu. Tu. Inatosha?"

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara, boda zinanipigia honi nisogee.

"Bado, mama. Endelea."