Siku Tuliyomwosha Baba

Mama alisema mara tatu, "Niachieni mimi nimwoshe mume wangu." Mara ya kwanza baba mdogo alijifanya hakusikia. Mara ya pili akamjibu, "Shemeji, pumzika, hii kazi ya wanaume." Mara ya tatu kaka alimshika mkono taratibu akamrudisha kwenye mkeka walipokaa wanawake. Kwetu mwanaume huoshwa na wanaume wa nyumba yake, na mwanamke hakanyagi chumba kile mpaka marehemu awe ndani ya sanda. Mama akanitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilidhani ni uchungu tu. Mjinga mimi.

Tukaingia watatu. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu wa tumbo moja, mzee wa miaka sabini na kitu anayetembea kama aliyemeza ufito. Kaka yangu, dereva wa lori, mwili mkubwa na maneno machache. Na mimi, muuza nyama. Tulikuwa chumbani kwa baba mwenyewe. Kitanda tulikiegemeza ukutani, tukapanga mbao juu ya viti, tukatandika turubai la lori tulilolisugua asubuhi. Ndoo mbili za maji ya uvuguvugu, beseni, sabuni ya mche, pamba. Dirisha tulilifunika kwa shuka. Nje watu walikuwa wakipanga viti vya kukodi, chuma kinagonga chuma.

"Haya, King'ora," baba mdogo akaniambia. "Mikono yako imezoea. Anzia kichwani. Shuka la kumsitiri nitashika mwenyewe."

King'ora ni mimi. Hata bango la bucha yangu limeandikwa hivyo, maana nilipoandika jina langu la kweli wateja walidhani bucha imeuzwa.

Jina hilo alinipa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu mvulana hatahiriwi kwa kufichwa. Anasimama wima mbele ya wanaume wa ukoo, macho mbele, na ngariba anafanya kazi yake bila ganzi. Hulii, hukunji uso, hupepesi jicho. Wanaume hawatazami kisu, wanakutazama usoni. Ndiyo maana yake yote, walituambia: ngozi ni kitu kidogo, kinachokatwa pale ni woga. Na msimamizi alikuwa baba. Kila mwaka yeye ndiye aliyepita mbele ya wavulana na fimbo yake, akiwasimulia siku yake yeye, jinsi alivyosimama hata ngariba akamuuliza kama amelala. Watu walicheka kila mwaka. Mimi pia nilicheka, kabla ya zamu yangu.

Zamu yangu ilipofika nililia. Sisemi machozi yalinitoka. Nilipiga ukelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Baba alinitazama, akasema kwa sauti ili asikose hata mmoja, "Kumbe mimi nilizaa king'ora!" Wanaume wakaangua kicheko. Nilikuwa bado navuja damu.

Mwezi mzima hakula nami meza moja. Shuleni, nikisimama kusoma, darasa zima linaanza, uuuu, uuuu, na mwalimu anageukia ubaoni huku mabega yanamtikisika. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Nikaenda machinjioni kuchuna ngozi, kwa kuwa ng'ombe hawacheki. Katika vikao vya ukoo nilikaa nyuma na sikuulizwa neno, mpaka leo nina miaka arobaini na saba. Siku ninaoa, baba alimwambia mkwe wangu mbele ya watu, "Binti yenu akimchapa huyu, msihofu, mtasikia." Wanangu mwenyewe niliwapeleka hospitali, sindano ya ganzi, nusu saa tumemaliza. Baba hakukanyaga kwangu miaka miwili. Alisema nimezaa wagonjwa.

Ndiye huyo sasa nilikuwa namwosha. Kichwa, masikio, shingo, kifua ambacho kilikuwa kimebaki mbavu. Kaka anamimina, mimi nasugua. Tulipofika kiunoni baba mdogo akasema, "Tokeni kidogo mkavute pumzi. Hapa nitamalizia mwenyewe."

"Peke yako utamgeuzaje?" kaka akauliza.

"Nimesema tokeni."

Kaka akageuka aweke ndoo chini, akakanyaga ncha ya shuka bila kujua. Shuka likavutika kutoka mikononi mwa mzee, likaanguka sakafuni.

Miaka thelathini naangalia nyama. Jicho langu halihitaji kutazama mara mbili. Baba yangu alikuwa kama alivyozaliwa. Kisu hakikuwahi kumgusa.

Baba mdogo alilidaka shuka akamfunika haraka, lakini hakukuwa na cha kuficha tena pale.

"Baba mdogo," kaka akasema polepole, "hiki ni nini?"

"Ni baba yenu."

"Najua ni baba yetu! Nauliza hicho nilichokiona!"

"Punguza sauti. Nje kuna watu."

  Mimi nilijikuta nahesabu: baba na mlango wake wa bafu wenye makomeo mawili. Baba mgonjwa miezi minne, hataki mwanawe hata mmoja ambadilishe nguo, mama tu. Mama na ile "niachieni mimi".

"Ulijua," nikamwambia mzee.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nilijua. Usiku wa kuamkia siku yake alipita juu yangu kitandani akatoka. Nilikuwa mtoto. Akaniambia, ukisema nitakuua. Alikwenda kwenye machimbo ya mawe, miaka miwili. Akarudi ana misuli na suruali ndefu, anasema kule wenzake walimpeleka kwa ngariba. Nani atamwambia mtu mzima avue? Akasema alisimama. Wakaamini."

"Na wewe?"

"Tulioga wote mtoni, mwanangu. Mimi si kipofu."

"Halafu mkamfanya msimamizi!"

"Alijifanya mwenyewe. Na aliifanya vizuri ile kazi, tuseme ukweli. Wavulana walimwogopa kuliko kisu."

Kaka alicheka kicheko kimoja kibaya. Baba mdogo akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake wembe mpya. Alikuwa amekuja nao. Kumbe "tokeni mkavute pumzi" ilikuwa na mpango wake.

"Sikilizeni. Hawezi kwenda kulala ubavuni kwa baba yetu akiwa mvulana. Huko anakokwenda atakalishwa na watoto. Ni kitu kidogo, mara moja, tunamvisha sanda, hakuna atakayejua. Nilitaka niwafichie aibu, lakini mmeshaona." Akanyoosha mkono, na mkono ulikuwa unatikisika kama wa mtu mwenye homa. "Mimi mkono hauniruhusu tena. King'ora, wewe ndiye fundi wa kisu. Mkate."

"Rudia."

"Mtahiri baba yako. Ni heshima hiyo, usiione ndogo. Wala hatapepesa."

Nikauchukua ule wembe. Nisidanganye, niliutaka. Nilitaka tangu nina miaka kumi na mitatu, ila sikujua kuwa ninachokitaka ni hicho. Nilisogea mpaka kwenye mbao. Uso wake ulikuwa umetulia, taya nimeifunga mwenyewe kwa kitambaa, na kwa namna ile alivyolala, kimya, macho mbele, hajakunja uso hata kidogo, alikuwa mvulana bora kuliko wote niliowahi kuona wakitahiriwa.

Hapo ndipo damu iliponipanda kwelikweli. Nikimkata hasikii. Amekimbia kisu miaka sitini na zaidi, na leo atapewa bure. Atasimama kimya mbele ya wanaume watatu, kisha baba mdogo atasema, mmeona, hakupepesa! Na mimi nitakuwa shahidi wake. Mimi, niliyekuwepo pale nina damu miguuni, nikiwa nimekaa na maumivu yale mpaka mwisho bila kukimbia. Nililia, ndiyo. Lakini sikutoroka hatua moja. Hilo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nililijua pale pale, nimeshika wembe, uzee unaniingia.

"Simkati," nikasema.

"Usilete huruma sasa."

"Huruma gani! Nani kakwambia huruma? Mtu huyu alinicheka miaka thelathini na minne! Alinitoa shule! Alimwambia mkwe wangu nachapwa! Na yeye alitoka kwa miguu yake usiku akakimbia kama kuku! Sasa unataka mimi nimpe uanaume kwa mkono wangu? Aende nao ule ule woga wake! Aende alivyo!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilimwinamia usoni, mate yanamrukia, namwita mwoga, namwita mwongo, namuuliza kwa nini asingekaa kimya tu, kwa nini ilikuwa lazima acheke yeye kwanza na kwa sauti kuliko wote. Nje, ambako zilifika kelele tu bila maneno, kukawa kimya ghafla. Kisha wanawake wakaanza kulia kwa pamoja, na mwanaume mmoja akasema karibu na dirisha, "Mwacheni atoe uchungu. Huyo ndiye aliyempenda."

Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia, akaufunga nyuma yake kwa mgongo.

"Shemeji, huruhusiwi humu," baba mdogo akasema.

"Nimelala naye miaka hamsini na mbili, leo ndiyo nisimwone?" Alitazama wembe mkononi mwangu, akatazama shuka.  "Mmemkata?"

"Bado," baba mdogo akajibu. "Mwambie mwanao."

"Mama, ulijua," nikasema.

"Nilikuwa mke wake, baba. Nisijue vipi?"

"Uliniona natoka shule. Uliniona."

"Nilikuona."

"Neno moja tu ungeniambia. Moja. Hata nikiwa mtu mzima, hata jana."

Mama alikaza kanga kiunoni. Hakulia, na nashukuru hakulia, ningevunja kitu. "Kila mwaka, siku wanapokwenda wavulana, alikuwa anatapika nyuma ya nyumba kabla hajachukua ile fimbo. Siku yako alitapika mara mbili. Nilimwambia, mwache huyu mtoto, mpeleke hospitali. Akasema wakimwona anamhurumia mwanawe watajiuliza kwa nini. Nilichagua kumfichia yeye. Sikuchagua wewe. Basi, nimesema."

 Nilidhani kusikia ukweli kutanipoza. Haukunipoza hata kidogo. Sasa walikuwa watatu wa kuwakasirikia, na mmoja amelala.

Baba mdogo akasimama. "Asipokatwa haingii katika makaburi ya baba yangu. Natoka sasa hivi, nawaambia wachimbaji waache."

"Toka," nikamwambia. "Waambie na sababu. Waambie na wewe ulijua tangu lini. Waambie wale vijana wote mliowasimamisha mbele yake, wengine wako hapo nje wana mvi, waambie aliyekuwa akiwatazama usoni ni nani. Sitakuzuia. Mimi sina tena cha kuaibishwa katika ukoo huu, mlikwisha kukimaliza chote."

Alifika mlangoni. Akashika kitasa. Kaka, ambaye muda wote hakusogea, akaenda akasimama mbele yake, akaujaza mlango wote.

"Mimi sikulia," kaka akasema. "Siku yangu. Baba alinibeba mabegani mpaka nyumbani. Miaka yote nimeringia kitu hicho. Nimemringia huyu." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Baba mdogo, rudi ushike shuka."

"Unaniamuru mimi?"

"Nakuomba. Lakini sitoki hapa mlangoni."

Mzee akaachia kitasa. Nje viti vilikuwa vimeanza tena kugongana. Mwishowe akarudi kwenye mbao, akashika ncha mbili za shuka. Hakunitazama, na hakuniita King'ora wala jina lingine, si siku ile wala baadaye.

Nilivunja wembe vipande viwili, nikavifunga kwenye karatasi yake, nikaweka mfukoni asije mtoto akavikanyaga. Mama akavua ndala, akapandisha mikono ya gauni, akachukua kitambaa na sabuni. Alimwosha chini ya shuka kwa haraka, bila kutazama, kama mtu aliyefanya hivyo miezi minne na kabla ya hapo. Kaka akarudi kwenye ndoo.

"Maji yamepoa," akasema.

"Haidhuru," mama akamjibu. "Mimina."

Nilisimama upande wa pili. Nilitaka mama aelewe, kwa hiyo nilisema wazi, mbele yao wote: "Mama, nitambeba, nitamzika, nitasimama kaburini. Lakini sijamsamehe. Na wewe sijakusamehe."

"Najua," akasema. "Inua huo mkono wake, kwapa halijaoshwa."