Seva ya Nne Haikubali Kuzimwa

Mama mkwe wangu alisimama mbele ya dirisha la mapokezi na simu mkononi, na simu ilikuwa inasema amekubaliwa. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa inasema hayupo. Sista wa mapokezi alinipigia huku chini kwenye chumba cha mashine, akaniambia nipande kuamua ugomvi, maana mfumo ni wangu na mama pia ni wangu.

Nilipanda ngazi nikiwa nimeshakasirika. Mimi ndiye ninayetunza seva za hospitali hii, na kitu chochote kikienda mrama, hata choo kikiziba, atatokea mtu wa kusema ni mtandao. Lakini hili lilikuwa la kweli. Niliichukua simu ya Mama nikasoma aliyoyajaza: upasuaji wa jicho la kulia, leo, umekubaliwa. Nikazunguka upande wa Sista, nikaandika jina la Mama kwenye kompyuta yake. Hakuna. Nikaandika tena, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Hakuna.

"Mama, ulithibitisha lini?"

"Wiki iliyopita. Juzi nikathibitisha tena. Na leo asubuhi, nikinywa chai."

"Mara zote hizo za nini?"

"Nilikuwa nahakikisha," alisema, akageuza uso pembeni.

Daktari wa macho ni mgeni wetu, anakuja kwa nadra, na leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Jicho la kushoto la Mama lilishakwenda zamani. La kulia ndilo linalomtoa chumbani mpaka jikoni, nalo lina ukungu siku hizi hadi ananisalimia mimi akidhani ni pazia. Sista alisema imebaki nafasi moja, na daktari akimaliza na mgonjwa aliyeko ndani atauliza nani anafuata.

"Si umwingize tu?" nilimwambia.

"Fundi, unajua siwezi."

Nilijua. Watu walikuwa wanachomeka ndugu zao kwenye foleni, ndipo hospitali ikaamua kila mgonjwa athibitishe mwenyewe kwa simu yake, na asiyeonekana kwenye mfumo hapokelewi chumba cha upasuaji. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga mlango huo, na niliufunga vizuri.

"Basi bonyeza tena, Mama, mimi naangalia huku."

Aliisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua, akabonyeza, akatabasamu kidogo. Sikuelewa mtu anatabasamu nini katika hali ile. Upande wangu hakuna kilichobadilika.

"Imekubali," alisema.

"Huku haijakubali."

Akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha Sista kukosa kusikia, "Kama hunitaki kwenye foleni, mke wa mwanangu, sema tu."

Iliniuma. Tangu mume wangu afariki mwaka jana tunaishi wawili, mimi na mama yake, na kila siku nahisi ananipima kama ninayemtunza kwa moyo au kwa kulazimika. Nilishuka ngazi bila kumjibu, kwa sababu ningejibu vibaya.

Chumba cha mashine kina baridi na kelele za feni. Ndani yake kuna kompyuta moja kubwa, na ndani ya hiyo kompyuta kuna seva tatu zinazofanya kazi ile ile: mgonjwa akifungua ukurasa wa hospitali, moja kati ya hizo tatu inamhudumia. Mume wangu ndiye aliyezisimika, maana kazi hii ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Kila moja aliiandikisha kama huduma chini ya msimamizi wa mfumo, programu ambayo kazi yake ni kuwaamsha wengine mashine ikiwaka na kuwainua wakianguka. Majina aliyapanga kama ya watoto: Kifungua, Wapili na Kitinda. Watoto wenyewe hatukujaliwa.

Kwa hiyo nilifanya kama nifanyavyo kila asubuhi. Nilimuuliza msimamizi habari za Kifungua, akasema mzima. Wapili, mzima. Kitinda, mzima. Nilitazama hifadhi yao: jina la Mama halimo, halijawahi kuwamo. Nikakaa nikiikodolea macho skrini. Watu watatu wenye akili timamu wamesema hawajamwona, na mama wa watu ana ushahidi mkononi.

Ndipo, kwa kukosa la kufanya, nikaiambia mashine inionyeshe kila kinachokimbia ndani yake, si watoto wangu tu. Zikaja seva nne.

Nilihesabu tena. Nne. Hii ya nne haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu, ilikuwa ile ile programu yetu, na inakula na kunywa ndani ya nyumba yangu bila mimi kujua. Wazo la kwanza lilikuwa mwizi. Nikaiua. Kuua ni amri fupi tu, na mkono wangu ulikuwa tayari una hasira.

Simu ya mezani ikalia. "Fundi," alisema Sista, "simu ya Mama imeandika ukurasa haupatikani."

"Ngoja."

"Ah, basi. Ukurasa umerudi."

Nilitazama skrini. Seva ya nne ilikuwa imerudi, na namba mpya. Nikaiua tena.

"Umepotea," alisema Sista. "Umerudi. Huko chini unafanya nini?"

Hata mimi sikujua. Niliiua mara nyingine nikiwa nimesimama, kana kwamba kusimama kungesaidia, na ikarudi kabla sijakaa. Kichwa kilianza kuniuma. Kitu kimoja tu ndicho kilichoniingia akilini: simu ya Mama haikuwa inaongea na watoto watatu. Ilikuwa inaongea na hii isiyokubali kufa. Na kinachokufa kikarudi bila kuguswa, kwenye mashine hii, kinainuliwa na msimamizi. Basi hakuwa mwizi. Alikuwa ameandikishwa, kama wenzake.

Nilimuuliza msimamizi: mwenye namba hii ni nani? Akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe. Huduma hii inaitwa Mama. Ikianguka iinuliwe, daima. Na chini yake palikuwa na mstari wa maelezo, ambao kwenye huduma nyingine mume wangu hakuwahi kujisumbua kuujaza: "Nakala ya Mama kujifunzia. Abonyeze anavyotaka, haiharibu kitu."

Mwaka mzima nilikuwa nauliza habari za watoto kwa majina yao, mmoja mmoja, nikifika kwa Kitinda nafunga. Nani anauliza baada ya kitinda mimba?

Nilisoma ule mstari mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha nikajipangusa, maana daktari hangojei mtu alie. Seva inayowakubalia watu upasuaji ambao haupo haiwezi kuachwa hivi hivi. Nilimwambia msimamizi aisimamishe na asiiinue tena. Ikazimika mara ile ile, kimya, bila ubishi.

Juu nilimkuta Mama amekaa kwenye benchi, simu mapajani. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama, huo ukurasa kwenye simu yako, nani alikuwekea?"

"Si mwanangu. Nilikuwa naogopa kubonyeza, naona nitaharibu vitu vya hospitali. Akasema, hii ni ya kujifunzia, Mama, we bonyeza. Ukishazoea nitakuhamishia kwenye ile yenyewe." Akaipapasa simu. "Nilidhani alishanihamisha."

Nilimwambia kweli tupu, kwamba hakuwahi, na kwamba si kosa lake wala si langu. Alitikisa kichwa polepole. Nikamfungulia ukurasa wenyewe, tukajaza maelezo yake, nikamwonyesha kitufe kilipo, nikaondoa mkono wangu ili abonyeze kwa kidole chake.

Akabonyeza.

"Ameingia," alisema Sista kutoka dirishani, na papo hapo mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa na mtu akauliza nani anafuata.

Mama hakuinuka. Alikuwa bado ameishikilia simu karibu na pua, anasubiri.

"Mbona haijasema kitu?"

"Imesema, Mama. Ombi limepokelewa."

"Ile nyingine nikimaliza ilikuwa inasema, vizuri, Mama. Inakaa kidogo, halafu inapotea." Alinipa simu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Mwanangu alikuwa anasema hivyo hivyo tangu mdogo, nikimpikia."

Nilimshika mkono nikampeleka hadi mlangoni. Kabla hajaingia aliupapasa uso wangu, labda kuhakikisha si pazia, akasema, "Usiondoke hapa." Nikamwambia siondoki, nashuka chini mara moja tu.

Nilishuka. Niliifungua ile nakala nikaandika juu ya ukurasa wake, kwa herufi kubwa ambazo hata jicho bovu litaziona, kwamba hapa ni mazoezi tu, nikaufunga usifunguke nje ya simu ya Mama. Kisha nikamwambia msimamizi aiwashe tena, na ikianguka aiinue, daima, kama alivyoagizwa mwanzo.

Nikaifungua kwenye simu ya Mama, nikabonyeza kile kitufe, kuhakikisha inafanya kazi. Maneno yalikuja, yakakaa kidogo, yakapotea. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Nikabonyeza tena.