Kidole cha Mwisho

Kinyozi huyu walimwita Nyoya, kwa sababu wembe wake ukipita shavuni mtu hasikii kitu. Sifa hiyo aliipenda kupita kiasi, na ndiyo iliyomfanya afiche kwamba mkono wake wa kulia umeanza kufa ganzi. Hata mkewe hakuambiwa. Alijikaza kisabuni, akajidanganya kuwa ni uchovu, ni baridi, ni kuulalia vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani aliwahi kuijali methali hiyo akiwa mgonjwa ni yeye?

Mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa gofu, ndiye aliyemwita uwanjani. Alidai kwamba mtu anayeshika wembe vile atashika fimbo bila taabu. Nyoya akaenda kwa madaha. Mwalimu akampa fimbo na kumweleza: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, kisha kidole cha mwisho cha kulia kipenye kati ya vidole vya kushoto, vikumbatiane. Fimbo haikabwi kama mwizi, alisema. Inashikwa kama mkono wa mtoto unapovuka naye barabara. Nyoya akashika, akatazama mbele.

"Kidole cha mwisho bado," mwalimu akasema.

"Mbona kimeshaingia."

"Hebu tazama."

Akatazama. Kidole kilikuwa nje, kimenyooka, na yeye angeapa kwamba amekikunja. Akakichukua kwa mkono wa pili, akakipachika kama mtu anayefunga kifungo cha shati, akasingizia jasho, kisha akaanza kupiga soga za mkewe. Mwalimu aliendelea kumpangia vidole. Ameona? Hajaona? Swali hilo lilimfuata Nyoya hadi nyumbani, maana wembe wa kukunja una mkia, kile kipande kidogo cha chuma nyuma ya makali, na mkia huo huegemea kidole kile kile. Kisiposikia, wembe hauna breki.

Asubuhi iliyofuata mwalimu akaingia kinyozini, akakaa, akataka ndevu zote ziondoke. Nyoya alimpaka povu taratibu mno, akiomba hata umeme ukatike, taa izimike. Haukukatika. Shavu la kwanza alilinyoa huku macho yake yakiwa kwenye kidole badala ya shavu. Kisha mwalimu akainua kidevu, akafumba macho, akamwachia shingo.

Nyoya akausogeza wembe. Kidole kikateleza kutoka kwenye mkia, na alijua hivyo kwa sababu tu alikiona. Aliiona damu ambayo ilikuwa bado haijamwagika. Akaushusha wembe.

"Mwalimu, kidole changu sikisikii."

Mwalimu hakufumbua macho. "Jana nilikibana kwa ukucha hadi kikabaki na alama. Wewe ukaendelea na habari za mkeo."

"Sasa umekuja kunipa shingo ya nini?"

"Nilitaka uniambie mwenyewe, ndugu yangu. Usidhani ni ushujaa, hapa nilipo nilikuwa nasali."

Akainuka, akauchukua wembe, akaukunja na kuutia mfukoni mwake, kisha akamshika Nyoya kiwiko, akasema wanakwenda hospitali. Nyoya akamwomba walau ajifute povu kwanza. Mwalimu akakataa: wakianza kutafuta taulo, mgonjwa atapata nafasi ya kubadili nia, na yeye anawajua watu wa aina yake.

Wakatoka hivyo hivyo, nusu ya uso wa mwalimu ikiwa nyeupe kwa povu. Barabara nzima ikaangua kicheko. Mmoja akauliza kama maji yamekatika, mwingine akampa pole ya kunyolewa kwa mafungu. Nyoya alitembea kando yake, akiogopa atakachoambiwa na daktari kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuna aliyeyaona, kwa sababu wote walikuwa wakimtazama mwenye povu.