Waliokuja kwa Kitufe

Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, Shangazi alifuta meza yake, akachomeka simu ya ofisi kwenye chaja, kisha akasogeza kiti ili magurudumu yasinase kwenye tundu la skrubu iliyowahi kushikilia mguu wa kitanda. Sakafu nzima ilikuwa na matundu ya namna hiyo. Chumba kile kilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili mpaka hospitali ilipoamua kwamba vitanda ni gharama na simu kila mtu anayo. Vitanda vikauzwa, kuta zikapakwa rangi ya samawati, na wagonjwa wakapewa programu ya simu yenye kitufe chekundu. Ukizidiwa, unabonyeza, mhudumu anakujibu kwa maandishi. Ukutani waliandika "Mficha maradhi, kifo humuumbua," ingawa walioandikiwa hawakuwa wameficha chochote. Walikuwa wamelazwa humo humo.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kumwandikia mgonjwa "pole" bila kuongeza "umekula lakini?"

Programu ilifanya kazi vizuri, ila aliyebonyeza kitufe alikuja mwenyewe, mwili mzima, pale ofisini. Wa kwanza kumfikia Shangazi alikuwa mama mmoja aliyetokea kando ya meza, mapovu ya sabuni mpaka viwikoni, na shuka mkononi linachuruzika. Shangazi alimwomba asiilowanishe simu, akampa kitambaa, wakaanza kuzungumza. Kabla ya saa sita kila meza ilikuwa na mtu wake, mmoja ana kandambili mguu mmoja, mwingine kanyolewa ndevu upande. Msimamizi, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alipiga simu makao makuu kuomba viti. Akajibiwa kwamba huduma hii hutolewa kwa mbali, na mtu aliye mbali hahitaji kiti. Basi wakasimama.

Kila mazungumzo yalipewa robo saa. Juu ya skrini mstari wa kijani ulifupika, ukageuka mwekundu, na hapo mhudumu alitakiwa kutuma maneno ya kuaga kisha abonyeze "Funga." Akifunga, mgonjwa alirudi alikotoka, hata kama neno bado liko mdomoni. Wengi walizoea, wakajifunza kuanza na lile zito.

Fundi wa mageti hakujua kuanza na zito. Alikuja kila alasiri na kofia yake ya kuchomelea, kioo kimeshushwa usoni, ananuka chuma kilichoungua. Mkewe ndiye aliyekuwa akipaka rangi mageti anayoyaunga, na tangu amzike mageti yalitoka bila rangi na wateja wakachoka kugomba. Hayo aliyasema polepole, akizungukazunguka, na mstari ulikuwa ukiisha pale tu anapofika kwenye jambo lenyewe. Siku moja Shangazi hakumngoja afike.

"Unafikiria kujiua?"

Fundi aliinua kioo. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa cheche.

"Nafikiria. Leo kuliko jana."

Mstari ukawa mwekundu. Shangazi alituma maneno ya kuaga, kengele ya kubadilishana zamu ikalia, akatia simu mkobani. Kila mhudumu alikwenda na simu yake nyumbani, kwa kuwa kabati la ofisi halikuwa na kufuli. Kosa alilolifanya ndilo waliloonywa siku ya kwanza kabisa: ukishatuma maneno ya kuaga, skrini huonekana kama imeshafungwa, kumbe bado. Alifika katikati ya ngazi ndipo akasikia viatu vizito vinamfuata.

"Hukufunga," alisema fundi.

"Nimesahau." Akatoa simu, kidole kikasimama juu ya lile neno.

"Ukinifunga sasa narudi karakanani, na karakanani hakuna mtu. Sikutishi, Shangazi. Nakwambia tu."

Akairudisha simu mkobani. Wakashuka pamoja.

Mume wa Shangazi alikuwa kinyozi, na kinyozi huzoea watu kuingia. Alimtazama mgeni, akatazama kofia ya chuma kwapani, akaenda kuchukua sahani ya tatu. Aliposikia kwamba mgeni hawezi kuwa mbali na simu zaidi ya urefu wa chumba, na kwamba simu ikizimika naye hayupo, alisema basi simu isizimike. Umeme ulipokatika, fundi alianza kufifia kuanzia miguuni, polepole kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kinyozi akaacha chakula akaenda kuleta betri anayochajia mashine zake za kunyolea. Miguu ikarudi. Wakaendelea kula.

Fundi alimwita kinyozi Mjomba, ingawa hesabu ya ukoo haikukaa sawa, na Mjomba hakulalamika. Asubuhi fundi alikwenda kazini na Shangazi, akasimama kando ya meza yake mpaka jioni, wagonjwa wengine wakija na kufungwa mbele yake. Mara nyingine aliwashikia vitu walivyokuja navyo. Mama wa mapovu alimkabidhi shuka lake kila alipokuja, ili alie vizuri.

Siku ya tatu kinyozi alimkumbusha fundi kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hawakuwa nalo, ila walikuwa na bawaba ya mlango iliyokatika, akapewa hiyo. Fundi aliikagua, akauliza ni mwendawazimu gani aliyeiunga mara ya mwisho. Kinyozi akasema ni yeye. Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye kutu, lakini Shangazi alikisikia akiwa jikoni, akakaa juu ya ndoo akalia kwa furaha na kwa uchovu, maana tangu siku ile ya ngazi alikuwa hapati usingizi kwa kuogopa kumpoteza.

Msimamizi alimwita Shangazi. Takwimu zake zilionyesha mazungumzo ambayo hayajaisha, na makao makuu wanauliza mgonjwa ana shida gani isiyokwisha.

"Nakuomba ufunge," alisema, huku akijitahidi kutomtazama fundi, aliyekuwa amesimama katikati yao.

"Nikifunga aende wapi?"

"Hilo halimo kwenye programu."

"Lilikuwemo humu ndani, bwana. Mlikuwa na vitanda."

Msimamizi alisema anajua. Hata yeye mwenyewe, alisema, dada yake aliwahi kulala pale karibu na dirisha. Kisha akaenda zake, na Shangazi hakufunga.

Wiki iliyofuata likaja toleo jipya. Wahudumu walikusanywa, wakashukuriwa kwa moyo wao wa kujitolea, wakaambiwa kuanzia sasa programu itajijibia yenyewe. Simu zikarudishwa. Ya Shangazi ilipopokelewa bado iko wazi, msimamizi aliishika kwa mikono miwili. Fundi aliona mambo yanakokwenda, akamgeukia Shangazi haraka. Alianza kusema kwamba ile bawaba isitiwe mafuta ya kupikia, amwambie Mjomba, kisha akasema, "Na mimi, Shangazi, mimi bado—"

Msimamizi alibonyeza. Akaomba radhi, akamkabidhi Shangazi cheti cha shukrani.

Shangazi aliuliza fundi anaishi wapi. Akaambiwa anwani za wagonjwa ni siri, na siri ya mgonjwa ni jambo takatifu. Alizunguka karakana baada ya karakana akitafuta mageti yasiyo na rangi, akayaona mengi mno. Kinyozi alifunga duka akazunguka naye. Waliporudi mikono mitupu, Shangazi alikaa na viatu miguuni, akapakua programu kwenye simu yake mwenyewe. Ikamuuliza kama yuko sawa. Akajibu kwamba hayuko sawa, na hilo halikuwa uongo.

"Vaa sweta," alisema kinyozi. "Kule kuna baridi."

Akavaa, akabonyeza.

Meza zilikuwa zimeondolewa. Wodi ilijaa watu. Mashine haichoki wala haina zamu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akifungwa tena, na kila aliyekuja alibaki. Walikaa sakafuni bega kwa bega. Waliobonyeza wakiwa jikoni walikuja na sufuria zao, na chakula kilikuwa kikizungushwa. Mama wa mapovu alikuwa amemfunika mzee mmoja kwa lile shuka, lililokuwa limekauka. Kutoka kwenye kila simu sauti laini ilisema pole sana kwa unayopitia, tujaribu kupumua pamoja. Daktari hakuwepo, wala muuguzi, wala kidonge.

Fundi alikuwa karibu na ukuta. Alikuwa hai. Shangazi alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamuuliza kama amekula, na fundi akasema amekula kidogo.

Hapo mlango ukafunguliwa. Msimamizi aliingia na wageni kutoka makao makuu, waungwana wenye viatu vinavyong'aa, akawapitisha katikati ya chumba. Walitembea upandeupande wakiruka miguu ya watu, na mmoja alipomkanyaga fundi kidole alisema samahani. Msimamizi aliwaeleza kwamba kama wanavyoona, chumba chote sasa kiko wazi kwa matumizi mengine. Shangazi alisimama akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hapa kuna watu wanaotaka kufa na anaomba muuguzi mmoja, mmoja tu. Simu yake ilimjibu kabla hajamaliza. Mgeni mmoja akasifu wepesi wa jibu lile, mwingine akaunga mkono.

Walipotoka, msimamizi alizima taa, maana hospitali ilikuwa na agizo la kutoacha taa ikiwaka katika chumba kisicho na mtu. Fundi alijisogeza, akampisha Shangazi akae.