Mgeni wa Nani

Mwezi mzima Gwiza alikuwa akijitafuta. Ndivyo wanavyosema vijana wa chuo siku hizi: likizo ikifika, mtu hutia nguo tatu kwenye begi la mgongoni akaenda kujitafuta. Nani aliyewapoteza, hawasemi.

Msichana huyo alitoka chuoni Huye bila mpango wowote. Nyamasheke alilala kwa masista, Karongi akalala kwa rafiki wa rafiki, na njiani akadandia lori la viazi ambalo hakujua litamshusha wapi. Alikula maharage mchana na ndizi mbivu usiku. Kila alipofika alipiga picha akawatumia wenzake, na kabla hawajamjibu alikuwa ameshaondoka. Hakuna mji aliolala zaidi ya usiku mmoja. Wenzake walimsifu kwamba anajua kusafiri kwa bei ya bure, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hatulii.

Gisenyi nako alijiambia ni kituo tu kama vituo vingine. Uongo mtupu. Gisenyi ndiko alikokuwa baba yake.

Baba huyo, Hitimana, alikuwa dereva wa malori. Gwiza alipokuwa darasa la tano, baba huyo aliondoka nyumbani kwao Kigali alfajiri, watoto wamelala, akamwambia mkewe anapeleka saruji mpakani na atarudi kesho kutwa. Hiyo kesho kutwa haijafika mpaka leo. Habari zake zilikuja vipande vipande: yuko hukohuko mpakani, Gisenyi, anaziba pancha mtaa wa Mbugangari, ameoa mwanamke wa kulekule. Mama yake Gwiza alizisikia zote, akazijibu kwa neno moja, "Amekufa," na tangu hapo jina la Hitimana halikutajwa tena nyumbani.

Jioni alipofika mjini, Gwiza aliulizia mpaka akaiona nyumba yenyewe, yenye geti la bati la bluu na matairi yaliyopakwa chokaa mbele yake. Akapita. Alipofika kwenye kona akageuka, akapita tena. Mkono ulikataa kupanda kugonga. Huku akijitukana, akaenda kutafuta pa kulala, na aliyemwonyesha njia akamfikisha nyumba chache tu kutoka hapo, kwa Mama Mudathiru, fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha uani cha kupangisha wapita njia.

Kulipokucha alikuwa ameshaamua: atapanda gari la kwanza aende Musanze, na mambo ya baba yaishie hapo. Akafunga begi, akatoka. Getini alimkuta Mama Mudathiru, kitenge kakifunga juu ya suruali ya mumewe, majembe mawili mkononi.

"We unaenda wapi na hiyo mufuko?"

"Kituoni, Mama. Nawahi gari."

"Gari gani? Leo voiture gani itakubeba? Ni umuganda!"

Gwiza akashika kichwa. Mtoto aliyekulia nchi hii akisahau umuganda, huyo kweli amepotea. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtaa hutoka na majembe na makoleo kwenye kazi ya pamoja, na mpaka mchana ukaribie maduka hayafunguliwi na mabasi hayatoki. Lakini kwa mtu anayehama kila kukicha, Jumanne na Jumamosi zina sura moja.

"Basi nitasubiri chumbani," alisema.

"Chumbani? Mutu muzima, mikono yote miwili iko? Hapana, mwanangu. Wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Sisi ya Mbugangari tunamupa siku ya kwanza." Akamtia jembe mkononi, akacheka peke yake.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuufukua mfereji ulioziba kwa mchanga na mawe meusi yaliyoletwa na mvua. Mtaa mzima ulikuwa pale: wauza samaki, washonaji, waendesha pikipiki, vijana waliokuja kupiga porojo zaidi ya kuchimba. Gwiza alilima huku akizikagua nyuso moja moja. Alitamani kumwona baba yake na alitamani asimwone.

Alimtambua kwa mgongo kabla ya uso. Hitimana alikuwa amenenepa kidogo na mvi zimeanza, ila mabega yalikuwa yaleyale ya kuinamia usukani. Mtu huyo hakutulia. Alipiga majembe matatu hapa, akaliacha jembe, akakimbilia toroli, akalisukuma nusu ya njia, akamwachia mwingine, akaenda kuwatania wauza samaki, akarudi kuanza shimo jipya. Hata aliposimama tu kupumzika, mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitikisika. Gwiza akaangalia chini. Mguu wake mwenyewe ulikuwa ukitikisika vilevile, na akaukandamiza ardhini kwa hasira.

Mara akasikia sauti karibu na bega lake.

"Binti, usilipandishe jembe juu hivyo, utaumia mgongo. Liache lishuke lenyewe."

Kilikuwa Kiswahili cha Karagwe, Kiswahili cha wale waliozaliwa Tanzania wakarudi wakubwa, na katika mtaa ule hakuna mwingine aliyekiongea. Gwiza alidhani ameisahau sauti hiyo.

"Asante," akajibu.

Hitimana alimtazama, na akaendelea kumtazama kupita inavyostahili kumtazama mgeni. "Unatoka wapi?"

"Huye. Nasoma chuo."

"Safi. Soma, binti, soma." Akaokota koleo, na kufumba na kufumbua alikuwa ng'ambo ya mfereji.

Soma! Gwiza nusura amrushie jembe. Mama yake alikaa sokoni na mboga, juani na mvuani, ili yeye asome, na bwana huyu anagawa nasaha kama karanga za msibani. Alilima kwa ghadhabu mpaka Mama Mudathiru akamwambia apunguze, mfereji hautakimbia.

Kazi ilipokwisha, watu waliketi kwenye nyasi kwa ajili ya mkutano, kama desturi. Mkuu wa mtaa, au mudugudu kama wanavyouita, Anastase, mzee mfupi aliyependa taratibu kuliko chakula, alizungumzia bima ya afya, akakemea wanaotupa taka mferejini, akichanganya Kinyarwanda na Kiswahili cha mpakani. Kisha akafika pale anapofika kila mwezi.

"Wageni wenye waliingia mu mutaa yetu wasimame, waseme ni nani. Na mwenye aliwapokea asimame nao."

Mtaa lazima ujue nani analala ndani yake. Gwiza alilijua hilo, na alikuwa tayari amepanga maneno mafupi: jina, chuo, napita tu. Lakini aliinua macho kumtafuta Hitimana, akamwona akisimama. Kwanza alidhani anasimama kwa ajili yake. Kumbe mwanaume alikuwa anatoka. Alimwacha mkewe ameketi pale na kilemba chake cha njano, akatia jembe begani, akawa anapita katikati ya watu kwa adabu, akitabasamu, samahani huku na samahani kule, kama mtu aliyebanwa na haja ndogo.

Basi alikuwa amemjua. Alimjua tangu mferejini.

Gwiza aliutazama mgongo ule ukiondoka, na badala ya kuuona wa baba yake tu, akaona na wa kwake ukipita mara mbili mbele ya geti la bluu. Akauona Nyamasheke, akauona Karongi. Mbio zote alizoziita kujitafuta alikuwa amezirithi kwa mtu huyu pamoja na mguu usiotulia. Aliona aibu kubwa. Kisha aibu ikawaka moto, na moto huo ukamsimamisha.

"Naitwa Gwiza," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Nasoma Huye. Nimelala kwa Mama Mudathiru, lakini si yeye niliyemjia."

Mama Mudathiru, aliyekuwa ameshaanza kuinuka kumpokea, akarudi chini taratibu.

"Baba yangu ni yule pale anayeondoka."

Vichwa vyote vikageuka. Hitimana alisimama palepale, mgongo bado umewaelekea. Njia ilikuwa wazi mbele yake na hakuna ambaye angemkimbiza.

"Hitimana," Anastase akaita bila kupaza sauti. "Rudi. Mukutano haiyaisha."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Hitimana alirudi. Ilimchukua muda mrefu kuimaliza njia hiyo fupi. Mkewe alimngoja afike, akamtazama yeye, akamtazama msichana, akauliza polepole, "Ni mutoto wako?"

"Ni mwanangu," Hitimana akasema. "Nilimwacha mdogo. Nilikwama huku, nikaona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwaka haya ikazidi."

"Bon," Anastase akasema. "Donc, nani anamupokea?"

"Mimi. Kama mama wa nyumba atakubali."

"Unaniuliza mbele ya mutaa muzima, nitasema nini?" mwanamke akajibu, wala hakutabasamu. "Mutoto haiko na kosa. Wewe, tutaongea ku nyumba."

Anastase akamgeukia Gwiza. "Na we, mugeni? Unakubali?"

Gwiza alikuwa na maneno ya miaka mingi, ameyapanga na kuyapangua kila usiku katika vitanda vya kuazima. Alipoyatafuta sasa akakuta yamebaki machache. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Nakubali kwa leo," akasema. "Mbele ya hapo sijui. Lakini siku nitakapoondoka, Baba, nitakuaga."

Hitimana akajifunika uso kwa mikono iliyojaa udongo.